Kilio cha Siku za Sayansi

Lubumbashi, Katuba, 4 Machi 2024

Kwako Mjomba Liévin,

Nakusalimu wewe pamoja na Mama Albertine. Sisi huku ni wazima. Mvua imebomoa choo cha jirani na nusu ya ukuta wetu, umeme unakuja unapopenda, na darasa langu la fizikia limejaa hadi wengine wanakaa dirishani. Namkabidhi Mulenga dereva barua hii pamoja na miwani ya Mama Albertine, maana antena ya Mitwaba naambiwa bado imelala, na hata ikiamka wewe hutaki simu. Mjomba Aristote na Mama Madeleine nao ni wazima. Najua hukuuliza.

Sasa niingie kwenye neno lenyewe. Shule yetu na parokia tunaandaa Siku za Sayansi, Alhamisi hadi Jumamosi, wiki ya tatu ya Aprili, katika ule uwanja ulio kando ya kanisa. Ni za watu wote, kuanzia watoto wa chekechea hadi mabibi. Kutakuwa na msumari unaoingia katika maji ya buluu na kutoka umevaa shaba. Kutakuwa na hadubini ya kutazamia maji ya visima vyetu. Daktari Mwape atatoka mtaa wa Golf kuja kueleza habari za presha, na mimi nitasimulia kwa nini jiwe la kijani linazaa shaba nyekundu. Nusu ya kamati ni watu uliowafundisha wewe, kwa hiyo hatukubishana sana juu ya jina. Tumeziita Siku za Sayansi za Mwalimu Liévin Kapya. Tunataka uje kuzifungua.

Hiyo ndiyo sababu ya kamati. Mimi nina yangu, na nitaiandika ingawa unaijua, kwa sababu katika ukoo huu hakuna anayeitaja. Bibi, mama yenu, alizikwa hapa Lubumbashi mwaka 2011, wiki ambayo wewe ulikuwa Pweto ukisimamia Examen d'État, mtihani wa taifa, na ulibaki huko hadi karatasi ya mwisho ikusanywe. Mjomba Aristote akasema mbele ya watu wote kwamba siku utakapokufa hatakanyaga kwenye kilio chako. Wewe ukasema hutakanyaga tena Lubumbashi. Wote wawili mmetimiza vizuri mno. Hata mama yangu alipofariki Lukafu, mlisimama huyu upande huu wa kaburi na yule upande ule, mkarudi kila mmoja na gari lake.

Upande wa mama mmebaki nyinyi wawili tu. Mjomba wa tatu sina. Njoo.

Mpwa wako,
Myriam


Mitwaba, 27 Machi 2024

Kwa Myriam,

Salamu zako zimefika na miwani imefika. Mama Albertine anaona sasa, na jambo la kwanza aliloliona ni vumbi la juu ya kabati langu, kwa hiyo nimepewa ufagio. Mahindi yamesimama vizuri upande wa mtoni, upande wa juu yameliwa na nyani. Mimi ni mzima isipokuwa goti.

Barua yako imeandikwa kwa Kiswahili bora na nimefurahi. Neno moja tu: unaanza sentensi nyingi mno kwa "kutakuwa". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye anayeandika hivyo.

Juu ya msumari: usugueni kwanza kwa mchanga, kisha uoshwe kwa sabuni. Msumari wenye mafuta haushiki shaba, na watoto watasema mwalimu amewadanganya.

Juu ya kuja: siji. Umetaja Pweto, basi nami nitaitaja mara hii moja. Vijana wale walikuwa wametembea kutoka vijijini na vitanda vyao kichwani. Mtihani ule hufanyika siku zile zile nchi nzima, na bahasha haifunguliwi pasipo msimamizi. Ningeondoka, wangepoteza mwaka. Ingekuwa leo ningefanya vilevile. Aristote alisema lake, na sijawahi kumwomba alifute.

Jina langu mnaweza kuliweka, kama kamati imeshindwa kupata lililo bora. Lakini picha msiweke. Nasema kwa uzito. Huku kwetu mtu ambaye picha yake kubwa inatundikwa nje ya ua ni mtu wa aina moja tu.

Mama Albertine anakusalimu. Anasema ukuta mjenge kwa matofali ya kuchoma, siyo yale ya udongo mbichi.

Mjomba wako,
Liévin


Lubumbashi, 6 Mei 2024

Kwako Mjomba,

Amani kwenu. Barua yako ya Machi nimeipata jana. Mulenga aliisahau chini ya kiti cha lori, akarudi nayo Mitwaba, akaugua malaria, ndipo akaikumbuka. Ukuta tumejenga, kwa matofali ya kuchoma. Mjomba Aristote ni mzima, ila siku hizi hatoki sana.

Siku za Sayansi zimepita salama, na sijui nianzie wapi. Watu walijaa kupita tulivyotazamia. Misumari ilishika shaba hata bila mchanga, ila mitatu ilikataa, na ni kweli watoto wa hapo walisema nimewadanganya. Kwenye hadubini tuliweka tone la maji ya kisima cha mtaa wetu. Bibi mmoja aliinama, akatazama, akanyanyuka polepole na kuniuliza, "Mwalimu, bile bidudu binatembea, njo tunakunywaka?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo sababu tunachemsha. Akamgeukia mumewe: "Umesikia? Ulikuwa unasema mi njo mubaya ya kupika. Kumbe ni maji." Daktari Mwape alipima presha hadi mashine ikachoka. Wazee walipenda kupimwa mmoja mmoja mbele ya wenzao, na aliyeonekana na presha ya juu kuliko wote alitembea uwanjani kama aliyeshinda mbio.

Asubuhi ya kwanza kulikuwa na kutoelewana kidogo, lakini kuliisha kabla ya mchana.

Kuhusu picha, tulikuwa tumeshaitundika.

Mwaka ujao kamati inataka kuongeza habari za nyota. Nitakuandikia tena mitihani ikipungua. Msalimu sana Mama Albertine.

Myriam wako


Mitwaba, 27 Mei 2024

Kwa Myriam,

Salamu. Baridi imeanza, tunawasha mkaa ndani ya nyumba na kufungua mlango, yaani tunapasha joto barabara. Goti langu lilitangulia kuijua baridi kabla ya redio.

Nitakueleza jambo lililonipata, kisha nitakuuliza swali.

Jumapili moja, muda mfupi baada ya hizo Siku zenu, nilikuwa kwenye misa, benchi la pili kama kawaida yangu. Abbé Katongo, padri wetu, ni mgeni hapa, hajatujua kwa majina. Akafungua karatasi ya nia za misa, akasoma: "Tunaombea pumziko la milele la roho ya mwalimu Liévin Kapya, aliyefariki Lubumbashi. Misa imeombwa na familia." Mama Chomba, niliyekaa naye bega kwa bega, akanitazama, akasogea hadi mwisho wa benchi. Nyuma yangu mtu akasema, "Lakini si ule pale anakohoa?" Nilikuwa nakohoa kweli. Abbé akasema, "Ee Bwana, utuhurumie." Nami nikaitikia pamoja na wengine. Sikutaka kuivuruga misa, na kwa vyovyote vile maombi ni maombi.

Baada ya misa Mama Albertine alicheka hadi akaketi kwenye ngazi za kanisa. Kisha akalia. Kisha akakasirika nami, sijui kwa kosa gani. Abbé aliomba radhi mara nyingi. Anasema Mulenga ndiye aliyeleta ile nia kutoka Lubumbashi pamoja na sadaka yake, na kwamba hajui zaidi. Mulenga alikuwa ameshaondoka. Tangu hapo watoto wa hapa wananisalimu kutoka mbali.

Sasa swali. Kutoelewana kidogo ni nini? Wewe ni mwalimu wa fizikia, unajua kwamba "kidogo" siyo kipimo. Kama ni wewe uliyeniombea misa ya wafu, ningependa kujua nilikosa nini.

Liévin, ambaye yuko


Lubumbashi, 17 Juni 2024

Kwako Mjomba,

Nakusalimu, na namshukuru Mungu kwamba uko. Huku nasi baridi imeingia, wanafunzi wanaandika mitihani na makoti. Nilikuficha jambo kwa kuwa niliona aibu, si kwa ajili yako tu. Nisome hadi mwisho kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

Uwanja ule hauna kivuli, kwa hiyo tulikodi turubai kubwa kwa Mama Kiki, na viti vya plastiki. Unamjua Mama Kiki, ndiye anayekodisha vitu vya vilio katika Katuba nzima. Njia ya kuingilia haionekani kutoka barabarani, basi vijana wakakata matawi na kuyasimika pande zote mbili ili watu wasipotee. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kanisani, na nyimbo zilikuwa zinasikika. Na mlangoni tukatundika kitambaa kikubwa chenye picha yako. Tuliipata moja tu, ile ya ujana wako, una tai na nywele nyingi. Chini yake tukaandika jina lako na miaka uliyofundisha hapa: 1979–2011.

Naapa kwamba hakuna hata mmoja katika kamati aliyeona. Tulikuwa walimu saba, na mmoja wetu anafundisha mantiki. Kila kitu kilikuwa na sababu yake: turubai kwa jua, matawi kwa njia, picha kwa heshima. Aliyepita barabarani hakuona sababu. Aliona kilio.

Alhamisi asubuhi nilifika na kukuta akina mama watatu nisiowajua wamevua viatu na kuketi. Mmoja alinishika mkono na kuniambia, "Pole, mama. Alikuwa mugonjwa?" Nilidhani anaulizia daktari. Walifuata watu wa Lukafu, waliokuja mjini kuuza unga, wakashusha debe zima mbele yangu wakasema ni pole yao kwa familia. Ndipo nikageuka nikaitazama ile picha kwa macho ya watu wengine.

Nilikuwa nimeanza kulishusha turubai Mjomba Aristote alipoingia.

Viatu vilikuwa mkononi. Mama Madeleine alikuwa nyuma yake, kitambaa kimefungwa kiunoni. Hakuniona mimi, hakuona meza za misumari wala hadubini. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya picha yako, akalia. Mjomba, sijawahi kumsikia mtu mzima akilia vile. Alikuwa anakuambia:

"Mudogo yangu. Unaenda bila kuniambia? Mi nilisema sitakuya ku kilio yako, na we ukaniamini? Kintu muntu anasema na hasira, we njo unashika myaka yote ile? Amuka unifukuze basi. Niko hapa. Nimekuya."

Watu wote walilia. Hata Daktari Mwape, aliyekuwa amefika na mashine yake ya presha na hajui habari yoyote, alitoa leso.

Mwishowe nikainama nikamwambia, "Mjomba, haina kilio. Ni fête ya science. Mjomba Liévin eko muzima, eko Mitwaba." Alinitazama. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Akamtazama Mama Madeleine, akaitazama picha, akatazama wale watu wa Lukafu. Mtoto mmoja akacheka, na baada yake akacheka mwingine, na unajua Katuba ilivyo. Akavaa viatu. Akasema, "Basi akae na uzima yake." Akatoka.

Misa iliombwa na Mjomba Aristote. Mama Madeleine ndiye aliyenieleza. Jumatano jioni, tulipokuwa tunatundika, mumewe alipita akitoka sokoni na kuona. Hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kituo cha malori kumtafuta Mulenga, aliyekuwa anaondoka alfajiri, akampa nia na sadaka katika bahasha iliyofungwa azipeleke Mitwaba, ili usikose misa mahali ulipokuwa unaishi. Alipojua ukweli, lori lilikuwa limeshafika mbali.

Sasa hatoki nyumbani. Pale anapochezea dama wamempa jina, wanamwita Papa Kilio-ya-Bure. Nimekwenda kwake mara nyingi, na kila mara Mama Madeleine anafungua mlango na kusema amelala. Juzi tu ndipo alinipa jibu lake: "Ule niliisha kumulilia. Iliisha."

Naogopa. Nilitaka kuwapatanisha, na nimefanya akuzike. Kabla ya hapo alikuwa na hasira, na mwenye hasira kuna siku anachoka. Lakini mtu huyu amekulilia akamaliza, akachekwa, na sasa kwake umekwisha. Sijui namna ya kulirekebisha hili. Niambie la kufanya.

Myriam


Mitwaba, 8 Julai 2024

Kwa Myriam,

Salamu. Sisi ni wazima.

Nimesoma barua yako. Sina la kusahihisha.

Nina swali moja, na nataka ulijibu lilivyo bila kulipamba. Unajua taratibu zetu. Anayekuja kutoa pole hupewa kiti. Chini, juu ya mkeka au hata juu ya udongo, huketi wenye kilio. Hakuna anayeketi chini kwa ajili ya mtu asiye wake. Umeniandikia alivyoingia, alivyovua viatu, alivyosema. Hukuandika alikaa wapi.

Alikaa wapi?

Liévin


Lubumbashi, 30 Julai 2024

Kwako Mjomba,

Chini.

Mama Kiki alimsogezea kiti, maana vilikuwapo vingi na vitupu. Alikisukuma kwa mkono bila kukitazama. Hakukuwa na mkeka. Aliketi kwenye udongo na suruali yake ya misa.

Na hili nililiacha kwa sababu sikulielewa, na hadi leo silielewi vizuri. Nilipomwambia u mzima, na niliporudia, na watoto walipoanza kucheka, hakuinuka hapo hapo. Alibaki pale chini kwa kitambo, mikono juu ya magoti. Nilidhani anapumzika.

Hatujambo. Nasubiri neno lako.

Myriam


Lubumbashi, 26 Agosti 2024

Kwa Myriam, nyumbani kwangu, Mitwaba

Nakusalimu katika nyumba yangu mwenyewe. Natumaini Mama Albertine amekupa chumba cha mbele, kile cha nyuma kinaingiza upepo.

Nilipopata jibu lako nilipanda lori la Mulenga keshokutwa yake. Sikuandika, kwa kuwa barua ingesafiri katika lori lile lile na ingefika pamoja nami. Hilo lilikuwa kosa la hesabu. Nilifika mlangoni kwako, na Mama Kiki, uliyemwachia nyumba, akapiga yowe. Aliponigusa mkono na kuona una joto, akanieleza kwamba umechoka kungoja na umepanda gari la wamisionari kwenda Mitwaba kunichukua. Nafikiri tulipishana Likasi. Nilikuwa nakula muhogo kando ya barabara na niliona gari jeupe likipita kwa kasi, nikasema moyoni, dereva yule hana akili.

Kwa hiyo nilikwenda peke yangu.

Ilikuwa jana, Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nilipotoka Mitwaba, kwa Kiswahili bora, yenye mwanzo na mwisho. Watu wa mtaa walinitambua, na sijui kwa nini, maana ile picha haifanani nami tena. Wakaanza kunifuata. Nilipofika kwenye ua wa Aristote nilikuwa na watu nyuma yangu kama mgombea wa uchaguzi. Madeleine alikuwa anachekecha unga. Aliniona, akafanya ishara ya msalaba, akaingia ndani bila kusema.

Aristote akatokea mlangoni. Amekonda, Myriam. Ulipaswa kuniambia kwamba amekonda.

Akaniuliza, "Ni nani?"

Kiswahili bora chote kikanikimbia. Nikasema, "Ni mi."

"Mi nani?"

"Mi ule wa ku kilio. Nimekuya kukitosha."

Watu wakacheka nyuma yangu kusikia marehemu amekuja kuondoa kilio chake mwenyewe. Yeye hakucheka. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kwenye upara wangu, bila haraka, na mimi nikasimama nikatazamwa. Kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na ua mzima:

"Ule mi nililia alikuwa kijana. Alikuwa na nywele, alikuwa na cravate. We muzee, mi sikujue."

Nikaona basi, nimejibiwa. Niliinama kuchukua begi langu. Niliumia, na sioni haya kukuandikia kwamba niliumia. Nilikuwa nimeshageuka niliposikia:

"Nasema sikujue. Ingia basi, tujuane."

Niliingia. Madeleine akafunga mlango watu wasione, kwa hiyo Katuba itabuni yaliyofuata, lakini nitakuandikia yalivyokuwa. Hatukukumbatiana. Aliketi akaniambia jina lake lote, kama mbele ya mgeni, kwamba yeye ni Aristote Mwenya, mzaliwa wa kwanza, fundi wa reli mstaafu. Akangoja. Nikamwambia la kwangu na kazi yangu. Akaniuliza kama nina watoto, nikamwambia hatukujaliwa. Akaniuliza kama nina ndugu. Nikamwambia nilikuwa na dada, na ninaye kaka. Kisha akauliza kama nina mama.

Nikamwambia nilikuwa naye, lakini sijui alipozikwa.

Sikujitetea, na yeye hakunishtaki. Madeleine alisimama na sufuria mkononi, hasogei. Mwishowe Aristote akasema, "Mi najua fasi alizikwa. Kesho nitakupeleka."

Barua hii naiandika mezani kwake, na yeye yuko hapa ananilaumu kwamba natumia karatasi nyingi. Rudi kwa wakati wako, usihangaike na ufunguo wa nyumba yako, ninalala huku. Sasa naweka kalamu chini. Amesimama mlangoni amevaa kofia, na anasema jua la Lubumbashi halimsubiri mtu.

Mjomba wako,
Liévin